Ubongo Mpya wa Kompyuta ya Mkuyuni

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 1997, saa mbili kamili asubuhi, waliohesabiwa katika chumba cha Chuo cha Uhazili cha Mwalimu Adventina, nyuma ya maduka ya Mkuyuni, Mwanza, walikuwa watu kumi na wawili: wanafunzi kumi na mmoja na mwalimu mmoja. Hakuna aliyekuwa amechelewa, kwa sababu aliyechelewa hakuhesabiwa. Alisimama nje mpaka saa tatu, akisikiliza wenzake wakipiga mashine.

Adventina Byabato alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Kamachumu, akasomeshwa na masista, kisha akapelekwa Tabora kusomea uhazili. Mwaka 1968 aliajiriwa na chama cha ushirika cha wakulima wa pamba hapa Mwanza, akakaa hapo miaka ishirini na sita. Alipiga maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole, na barua iliyotoka mezani kwake haikuwa na mahali palipofutwa. Mumewe, mtumishi wa reli, alifariki mwaka 1989. Watoto walikwisha kujitegemea, kila mmoja na mji wake.

Mwaka 1994 ushirika uliamua kupunguza wafanyakazi. Orodha ya wanaopunguzwa ililetwa kwake ikiwa imeandikwa kwa mkono, ili aichape nakala tatu. Akaichapa. Alipofika nambari arobaini na tatu alikuta jina lake mwenyewe, tena limekosewa herufi moja. Akaisahihisha ile herufi, akaendelea na nambari arobaini na nne.

Ndugu zake walimwandikia wakimtaka arudi nyumbani, kwenye migomba. Hakurudi. Ushirika ulipopiga mnada vifaa vyake, alitumia kiinua mgongo chake kununua mashine saba za kuchapa na kompyuta moja, akapanga chumba pale Mkuyuni, akaanza kufundisha. Herufi za mashine alizifunika kwa plasta ili wanafunzi wasizitazame. Yeye alisimama mbele na rula, akigonga meza kwa mapigo yanayolingana, na vidole vya darasa zima viliifuata rula ile. Kompyuta iliwekwa pembeni kwa ajili ya waliofika hatua ya mwisho. Ilikuwa na programu moja ya uandishi, ya zamani, yenye herufi nyeupe juu ya skrini ya buluu.

Asubuhi ile ya tarehe 3 Februari, baada ya kuwahesabu, Mwalimu aliwasomea barua. Ilitoka kwa kampuni moja ya minofu ya samaki, kule ufukweni upande wa Pasiansi. Kampuni ilihitaji makarani sita wa kompyuta. Wanafunzi wake sita wa hatua ya mwisho wangefanyiwa mtihani siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi, na wakifaulu wangeajiriwa wote. Zaidi ya hayo, kampuni ingekuwa ikichukua makarani wake wapya chuoni kwake, mwaka baada ya mwaka. Sharti lilikuwa moja: mtihani ungefanywa kwa programu mpya ya Windows, ile ya madirisha na kipanya.

Darasa lilishangilia. Mwalimu hakushangilia. Alikuwa amekwisha kuijibu barua ile kwa kukubali, na baada ya kujibu ndipo alipokumbuka kwamba hajui kama kompyuta yake inaiweza hiyo Windows. Chuo kilikuwa kikipoteza wanafunzi kila muhula, kwa kuwa hakuna ofisi iliyotafuta tena mpiga mashine. Bila kampuni ile, chuo kisingeumaliza mwaka, naye hakuwa na kazi nyingine anayoijua.

Akamwita Maige. Huyu alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo hadi kilipopunguza watu. Sasa alitengeneza redio na televisheni katika kibanda cha jirani. Alikuwa mdogo kwa Adventina kwa miaka kumi na zaidi, Msukuma mwenye maneno mengi na mikono mitulivu. Aliamkia, akaitikiwa, akafungua mfuniko wa kompyuta na kuchungulia kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hii mashine haijazeeka mwili. Imezeeka ubongo," alisema hatimaye.

"Na ubongo huuzwa?"

"Wa kwetu Wasukuma hauuzwi. Wa kompyuta unauzwa. Wa kwenu Wahaya sijui, labda mpaka uombwe kwa barua."

"Ningekuwa na huo wa barua, Fundi, nisingekuita wewe."

Wanafunzi walicheka chini kwa chini. Maige naye alicheka, kisha akamweleza bila mzaha. Kompyuta mpya ilikuwa zaidi ya milioni moja, na jambo hilo aliliweka kando kwa sentensi moja. Lakini ile iliyokuwepo ilikuwa na prosesa, kile kigae cheusi chenye miguu mingi kilichokaa kwenye bodi kuu, na kigae kile kilikaa katika kitanda chenye wenzo. Ukiinua wenzo, kinatoka. Prosesa iliyomo ilikuwa ya kasi ya megahezi ishirini na tano. Bodi ileile ingeweza kupokea nyingine ya ukoo uleule, yenye kasi ya sitini na sita, ambayo kwa ndani hufanya kazi mara mbili ya kasi inayopewa na bodi. Wakiongeza na kumbukumbu, kutoka megabaiti nne hadi nane, Windows ingetembea. Si kukimbia, bali kutembea.

Maige alimfahamu mtu mmoja, Yeremia, aliyeleta vipuri vilivyotumika kutoka Nairobi. Kwa vipuri vyote pamoja Yeremia alitaka shilingi laki moja na elfu ishirini, pamoja na kukabidhiwa ile prosesa ya zamani. Asipopewa ya zamani, bei ingepanda.

Mwalimu aliuliza maswali mawili tu: kama kazi hiyo imewahi kufanywa hapa Mwanza, na kama ikishindikana inaweza kurudishwa ilivyokuwa. La kwanza Maige alijibu kwamba yeye mwenyewe ameifanya mara mbili. La pili alijibu kwamba inarudishwa, mradi ile ya zamani ipo. Ikishakwenda Nairobi, basi. Adventina alizitazama mashine zake, moja baada ya nyingine. Kesho yake aliuza nne kati ya saba kwa wale wapiga chapa wanaoketi nje ya mahakama. Wanafunzi wenyewe ndio waliozibeba. Kuanzia siku hiyo wanafunzi watano wa hatua ya kwanza walipokezana mashine tatu, na waliokosa zamu walipiga vidole juu ya meza tupu.

Vipuri vilifika tarehe 28 Februari, na prosesa ikawekwa Jumamosi, tarehe 1 Machi. Darasa zima lilihudhuria kama linavyohudhuriwa jambo la kanisani. Maige alishika kwanza chuma cha kasha ili, alivyosema, kuushusha umeme wa mwilini. Akainua wenzo, akakitoa kigae cha zamani na kukifunga katika karatasi ya sigara kwa ajili ya Yeremia. Akaitafuta nukta kwenye kona ya kigae kipya, akailinganisha na kona ya kitanda, akakiachia. Kikazama chenyewe bila kusukumwa. Alihamisha vijipini viwili vya kuchagulia kasi, akapaka mafuta meupe kidogo kama kichwa cha kiberiti, akaweka juu yake kipande cha bati chenye meno mengi, na juu ya bati hilo feni ndogo isiyozidi kisanduku cha kiberiti kwa upana.

"Nairobi wameiletea kompyuta feni," alisema Queen, msichana wa Buzuruga ambaye ulimi wake haukulala, "na sisi huku tunajipepea kwa madaftari."

Kompyuta ikawashwa. Ikahesabu kumbukumbu yake hadi nane, ikanyamaza, kisha ikaendelea. Kazi ya kuingiza Windows kwa disketi kumi na tatu ilichukua mchana mzima, na anga la buluu lilipotokea kwenye skrini, Rebeka, aliyekuwa mkubwa wao na mgumu wa kusifu, alipiga makofi peke yake.

Kabla ya kuondoka, Maige alimvuta Mwalimu kando. Alimwambia kwamba prosesa ya kwanza ilikuwa baridi, ilikaa miaka minne bila feni wala bati. Hii ilikuwa ya moto. "Ikikosa hewa, Mwalimu, inakufa. Haiugui, inakufa. Acha upepo uingie."

Adventina aliandika katika daftari lake: Hewa. Madirisha ya chumba kile, ambayo siku zote yalifungwa kwa sababu ya vumbi la sokoni, yalifunguliwa tangu siku hiyo na kuwekewa mawe yasijifunge.

Wanafunzi sita waligawiwa zamu, kila mmoja saa moja na nusu kwa siku. Walijifunza kushika kipanya, kufungua na kufunga madirisha, kuchora jedwali la masanduku ya samaki na uzito wake. Getruda, binti wa Sengerema, mpole kupita wote, alikuwa akikiinua kipanya juu kama pasi kila alipotaka kwenda juu ya skrini, na Queen alimwuliza kama anaipiga pasi kompyuta. Hata hivyo ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote. Alisoma kila neno lililojitokeza kabla ya kubonyeza. Wanafunzi walipomaliza, Mwalimu mwenyewe aliketi, akajifunza saa ya mwisho, akimwuliza Queen asichokielewa. Hakuona haya. Vidole vyake vya maneno sabini vilikitafuta kitufe cha kipanya kama vya mtoto.

Mwezi uliandama mwishoni mwa wiki ya pili. Jumatatu, tarehe 10 Machi, asubuhi, moshi mweusi ulisimama juu ya maji, mrefu kama wa msitu unaoungua, na kila aliyekulia Mwanza alijua kwamba si moshi. Walikuwa wadudu wa ziwa, wale wadogo mno ambao huibuka kwa mamilioni wakati wa mwezi mchanga. Upepo uliwasukuma nchi kavu. Kufikia saa tatu walikuwa wamejaa Mkuyuni yote; wauza chakula walifunika masufuria, wapita njia walifumba midomo. Waliingia kwa madirisha yale yaliyowekewa mawe, wakaenda moja kwa moja kwenye mwanga wa skrini. Walijaa kwenye vitufe vya herufi, kwenye karatasi, kwenye nywele za wasichana. Na nyuma ya kasha la kompyuta, feni zilikuwa zikiwavuta ndani pamoja na hewa.

Mwalimu alifikiri. Kufunga madirisha kulikatazwa na fundi. Kuizima kompyuta kungepoteza siku nzima ya mazoezi, na siku zilibaki nne. Kuiacha wazi wadudu wale waijaze tumbo hakuweza. Miaka ishirini na sita hakuna mashine iliyowahi kuingia uchafu mikononi mwake. Katika chuo kile kila mashine ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, kama ilivyo redio ya kila nyumba yenye heshima, na kompyuta ilikuwa na kikubwa kuliko vyote, ambacho kiliifunika kazi ikiisha. Akakitoa. Akakikunja mara mbili ili matundu yake yasipitishe mdudu, akakitandaza juu ya kasha, akakiteremsha nyuma mpaka mezani, akakichomeka pande zote. Skrini na herufi peke yake zikabaki wazi.

Getruda, ambaye ilikuwa zamu yake, alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na hewa?"

"Hewa imejaa chumba kizima, Getruda. Nani amefunga dirisha?"

Getruda aliinama, akaendelea na jedwali lake. Kompyuta ilifanya kazi hivyo siku nzima. Kesho yake wadudu walikuwa bado wapo, nayo ikawashwa ikiwa imefunikwa vilevile.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, skrini iliganda. Zamu ilikuwa ya Getruda tena. Ilizimwa, ikawashwa, ikaenda dakika tatu, ikaganda. Mara ya tatu haikuhesabu kumbukumbu. Ilikaa nyeusi, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda.

Rebeka alisema kwamba alimwona Getruda akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mwingine akasema tangu jana anakishika kipanya vibaya. Na Mwalimu, mbele ya wote, alimwuliza Getruda amebonyeza nini.

"Sijabonyeza kitu, Mwalimu."

"Kompyuta haifi kwa kutazamwa. Umebonyeza nini?"

Getruda alitoka kwenye kiti, akasimama ukutani na mikono nyuma, kama mtu anayengojea kuitwa.

Maige alikuja mchana. Alipokiona kitambaa alisimama kidogo mlangoni. Alikichomoa taratibu, akakikung'uta nje, akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa upesi. Alipofungua mfuniko, wote walisogea. Feni ndogo ilikuwa haionekani. Mahali pake palikuwa na donge jeusi, laini, kama dagaa waliopondwa, lililokwisha kukauka kwa joto. Alilichokoa kwa bisibisi. Feni haikuzunguka hata kwa kidole. Alipoinua lile bati, kigae chini yake kilikuwa kimebadilika rangi katikati, na kitanda cha plastiki kimeanza kukunjamana.

"Wadudu waliingia kwanza," alisema. "Lakini wadudu peke yao wangeichosha tu. Nani aliifunika?"

Adventina alijua kwamba baadhi yao hawakuona jana nani alitandaza kitambaa kile, kwa kuwa walikuwa wakipambana na wadudu. Alimwona Rebeka akigeuza uso kuelekea ukutani aliposimama Getruda, na mdomo wake ukifunguka. Alijua pia kwamba Getruda asingesema neno, leo wala kesho.

"Mimi," alisema. "Na Getruda aliniuliza habari ya hewa, nikamjibu kwa kiburi. Rebeka, funga mdomo."

Maige aliketi juu ya kiti cha mwanafunzi. Alisema kosa ni lake pia. Alipaswa kutaja kitambaa kwa jina. Lakini kila redio aliyopata kuletewa ililetwa na kitambaa chake, na hakuna hata moja iliyowahi kufa kwa ajili hiyo, kwa hiyo hakufikiri. Mwalimu aliuliza habari ya prosesa ya zamani. Yeremia alikwisha kwenda nayo. Nyingine ingechukua wiki mbili kufika, kama fedha ingekuwepo, na kitanda chenyewe kilikuwa kimeharibika. Zilibaki siku tatu. Maige alikataa malipo ya siku hiyo na aliondoka bila utani.

Jumatano Mwalimu alikuja na karatasi kubwa ya manila. Alikuwa ameichora skrini nzima kwa rula na kalamu za rangi, kila dirisha, kila kitufe mahali pake, bila kosa. Akaibandika ukutani. Akamgawia kila mmoja wa wale sita kipande cha sabuni ya mche kiwe kipanya chake, akagonga meza kwa rula, akaamuru: fungua jalada; chagua jedwali; hifadhi. Vipande sita vya sabuni vilisogea mezani kwa mapigo.

"Nisipofaulu," alisema Queen, "angalau nitakuwa nanukia."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Mwalimu, tena kidogo. Alhamisi walifanya vivyo hivyo hadi saa kumi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi, wote sita walikwenda Pasiansi. Adventina alingoja nje ya lango, penye harufu ya mifupa ya sangara, kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu. Baadaye aliambiwa yaliyotokea. Dakika ya kumi na mbili, skrini ya Getruda iliganda, kama zilivyokuwa zikiganda skrini za pale mara kwa mara, na mwenye mazoea angeizima na kuiwasha tu. Getruda aliinua mikono yake kutoka kwenye herufi, akaiweka mapajani, akakaa hivyo hadi muda ulipokwisha. Hakumwita msimamizi. Msimamizi alipomwuliza mbona hakusema, alijibu kwamba aliogopa ameiua.

Mwalimu alipoelezwa hakumlaumu. Alitembea naye kwa miguu hadi njia panda ya Mkuyuni, mwendo mrefu, na njiani alimwambia jambo moja tu: "Ulibonyeza vizuri siku zote. Niliyekufundisha woga ni mimi."

Majibu yalibandikwa Jumatano iliyofuata. Waliofaulu walikuwa wawili, Queen na kijana mmoja aitwaye Jonathan. Wale watatu wengine walianguka kwenye majedwali, somo ambalo mazoezi yake makubwa yalipangiwa zile siku mbili za mwisho zilizopita bila kompyuta. Barua ya kampuni iliyoambatana na majibu ilikuwa ya adabu. Ilimshukuru Mwalimu kwa ushirikiano, ikamjulisha kwamba kuanzia sasa makarani watachukuliwa katika chuo cha katikati ya mji chenye kompyuta kumi. Adventina aliisoma mara mbili, akaiweka katika faili lake, kwa tarehe.

Darasa halikusubiri mwisho wa muhula. Rebeka alianza kuuza dagaa sokoni, hatua mia mbili kutoka darasani, na alipokutana na Mwalimu aliamkia na kuangalia pembeni. Mmoja aliolewa Geita. Mmoja alirudi kwa wazazi. Kati ya wale watano wa hatua ya kwanza, watatu walisema wazi kwamba walikuja kwa ajili ya kompyuta, wakadai cheti cha walichokwisha kusoma, wakapewa, wakaenda. Getruda alikuwa na ruhusa ya kwenda pia. Nauli ya Sengerema ilikuwa mkononi mwake. Alirudi darasani Jumatatu, akaketi kwenye mashine ya kuchapa, akaomba aanze upya mazoezi ya kasi. Mwalimu alichukua rula, akagonga meza.

Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Mei 1997, saa mbili kamili asubuhi, waliohesabiwa chumbani walikuwa watu wanne: Getruda, wanafunzi wawili wa hatua ya kwanza, na mwalimu. Mashine za kuchapa zilikuwa tatu. Kompyuta, iliyokwisha kuuzwa kwa vipuri, haikuwepo.